Korongo: shajara ya gemu la mkakati, Lamu

Kabla ya mstari wa kwanza wa msimbo

Nimeshaamua. Gemu litatokana na The War of the Worlds ya H. G. Wells, iliyotoka kwa mfululizo jaridani mwaka 1897 na kuwa kitabu 1898. Kwa asiyeisoma: mitungi mikubwa ya chuma inafyatuliwa kutoka Mirihi, mmoja kila usiku kwa siku kumi mfululizo, na wa kwanza unaangukia Horsell Common, karibu na mji wa Woking nchini Uingereza. Humo wanatoka viumbe wanaounda mashine za miguu mitatu zenye kimo cha karibu futi 100 (kwenye gemu naziita korongo), na dola iliyokuwa ikiitawala robo ya dunia inashindwa kuulinda mji wake mkuu.

Sikuchagua kwa mapenzi peke yake. Wells alifariki 1946. Sheria ya Kenya hulinda kazi ya mwandishi kwa miaka 50 baada ya kifo chake, ya Uingereza miaka 70, kwa hiyo huku na huko muda umekwisha na hakuna wa kuombwa ruhusa. Nilitamani Dune, nisifiche. Riwaya hiyo ya Frank Herbert ya mwaka 1965, ya sayari ya jangwa yenye minyoo mikubwa, ndiyo iliyozaa Dune II ya Westwood Studios mwaka 1992, na magemu mengi ya mkakati tuliyokulia nayo, ya kuvuna mali, kujenga kambi na kutuma vifaru, yanapita mle mle. Lakini Herbert alifariki 1986 na haki zake zina wenyewe. Mchanga tungekuwa nao wa kutosha, Shela pale. Tulichopungukiwa ni minyoo mikubwa tu.

Albamu ya Jeff Wayne ya 1978 nayo siigusi, wala muziki wake wala michoro yake. Watu wengi wameijua hadithi hii kwa albamu ile, na mwaka 1998 Rage Software walitoa gemu la mkakati lililotokana nayo. Mimi nashika maandishi ya Wells tu.

Kazi naifanya kwa Godot, programu ya kuundia magemu. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na inafunguka kwenye laptopu yangu kuukuu bila kuiunguza.

Jambo lililoamua mengine yote

Katika riwaya binadamu hawashindi. Mizinga inaangusha mashine moja kule Shepperton, kando ya mto Thames. Meli ya vita iitwayo Thunder Child inaangamiza mbili pwani ya Essex kabla ya kuteketea yenyewe, na kwa kufanya hivyo inazipa nafasi meli za wakimbizi zitoke. Wamirihi wanakufa mwishoni kwa vijidudu ambavyo miili yao haikuwahi kuvizoea, na hakuna jemadari yeyote anayeweza kudai sifa ya jambo hilo.

Sasa mchezaji afanye nini? Njia rahisi ni kupindisha hadithi: mpe mizinga mingi, mpe utafiti wa silaha, baada ya saa tatu awe amewafyeka. Nimeikataa. Katika kitabu kizima mimi nashikwa zaidi na ile sura ya Thunder Child, na uzito wake wote uko kwenye vile vyombo vidogo vinavyotoroka nyuma yake. Kwa hiyo gemu hili ni la kuwatoa watu. Kompyuta inapiga kura ya siri kuchagua siku ambayo vijidudu vitamaliza kazi, kati ya siku ya 15 na ya 25, na mchezaji haambiwi. Hesabu ya mwisho ni roho zilizosalimika. Hakuna nyingine.

Mara nilipokubali hilo, nikaona sina haja ya kukaa Surrey. Kukimbia kwa vyombo, kwenye mikondo na mafungu, tunakujua kuliko kujipanga kwa mizinga. Ya riwaya yanabaki Uingereza yalikotokea. Mimi nachukua kanuni zake na kuuliza: je, usiku ule ule mtungi mwingine ungeanguka Manda? Mwaka ni 1898. Mchezaji ni liwali wa Lamu.

Ramani

Visiwa vimekamilika: Lamu, Manda, Pate, pamoja na ukanda wa bara kuanzia Mokowe kwenda juu. Nimetumia vigae vya pembe sita, kwa sababu kwenye miraba chombo kinachokwenda mshazari hupata njia ndefu kwa bei ya fupi, na kwenye bahari iliyo wazi udanganyifu huo unaonekana mara moja.

Hapa ndipo nilipokutana na tatizo ambalo sikulitarajia. Mpango wa awali ulikuwa bahari iwe ukuta: mtungi Manda, watu Lamu, katikati maji. Lakini mashine ya futi 100 ni zaidi ya mita 30, na katika riwaya zinaingia baharini kwa miguu na kuzifuata meli. Mlango ule wa Lamu na Manda kwao ni wa kulowesha magoti. Nilifikiria kuzipunguza kimo, nikaacha. Ukimfupisha Mmirihi ili kisiwa kiwe salama, umeshaua riwaya. Basi kisiwa si salama. Salama ni kina kikubwa nje ya miamba, na huko hufiki kwa kuogelea.

Kwa hiyo maji hayamzuii adui, yanatuzuia sisi.

Maji

Sehemu hii nimeikalia muda mrefu kuliko zote, na nitaieleza kwa urefu kwa sababu ndiyo roho ya gemu.

Maji kujaa na kupwa nimeyaandika kwa mawimbi mawili yanayojumlishwa. La kwanza ni la mwezi, linajirudia kila saa 12.42. La pili ni la jua, kila saa 12 kamili. Nimelipa la mwezi nguvu ya mita 1 na la jua nusu mita. Yanapokwenda pamoja, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa inafika mita 3: bamvua. Yanapopingana inabaki mita 1: maji mafu. Na kwa kuwa vipindi vyao vinapishana kidogo tu, bamvua inajirudia kila baada ya siku 14 na robo tatu bila mimi kuandika mstari mwingine wowote. Mistari miwili ya hesabu, na mwezi mchanga na mwezi mpevu vinajileta vyenyewe. Nilikaa nikiutazama mchoro wake kwenye skrini kama mtu anayetazama mechi.

Kisha nikampelekea nahodha mmoja mstaafu, ami yangu kwa upande wa baba, aangalie. Hakutazama korongo wala nyumba. Alitazama saa.

"Leo mwezi ngapi humu?"

"Mwezi mpevu, ami."

"Na mai yamejaa saa sita mchana? Wapi hiyo, mwanangu? Bamvua ya kwetu hujaa saa kumi, alasiri na alfajiri. Saa nne umepwelewa."

Ilikuwa kazi ya kusogeza namba moja, lakini ilibadilisha gemu zima. Mitungi ya Wells hufyatuliwa saa sita usiku, nami nimefanya iangukie saa hiyo hiyo. Wakati wa bamvua, saa sita usiku maji yameshaanza kurudi, na kufikia saa kumi alfajiri vyombo vyote vinaelea. Unao usiku wa kupakia. Wakati wa maji mafu mambo yanageuka: yanajaa kama saa nne usiku, na mtungi unapoanguka yameshaanza kutoka. Lakini maji mafu hayatoki sana, kwa hiyo baadhi ya mikondo inabaki na maji mchana kutwa. Hakuna usiku ulio mzuri kwa kila kitu.

Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara, nimeuwekea kina chake chenyewe. Anayekwenda Pate kwa njia ya ndani anajua kwamba Mkanda haupitiki mpaka maji yajae. Kwenye gemu, ukikosea saa, mashua saba za watu zinakaa kwenye tope huku korongo anakuja taratibu kutoka Manda. Si jambo geni hapa. Vita vya Shela, mnamo mwaka 1812 hivi, viliamuliwa namna hiyo: jeshi la Wamazrui wa Mombasa na wenzao wa Pate lilishindwa ufukweni, likakimbilia vyombo, likakuta maji yameshatoka. Nimeliweka tukio hilo kama maneno ya mzee mmoja katika somo la kwanza la gemu. Hatoi ushauri wowote, anasimulia tu, mwenye masikio atajua la kufanya.

Upepo

Mwanzoni vyombo vilikwenda popote kama vimefungwa injini. Ami alicheka mpaka akakohoa.

Njia za vyombo zinatafutwa kwa algoriti ya A*, ambayo Hart, Nilsson na Raphael waliitangaza mwaka 1968 na bado haijapata mpinzani wa maana kwa kazi kama hii. Kawaida yake kila kigae kina gharama moja. Sasa gharama inategemea unaelekea wapi: tanga likipokea upepo kwa nyuma au ubavuni, rahisi, ukiukabili upepo, njia imefungwa kabisa, na chombo kinalazimika kupiga bisho, huku na huku, mpaka kifike. Jambo la kuangalia ni makisio ya umbali uliobaki: A* haihakikishi njia bora ikiwa makisio yamezidi gharama halisi, kwa hiyo nakadiria kila mara kwa mwendo wa kasi kuliko wote, upepo nyuma na mkondo ukisukuma. Inapekua vigae vingi zaidi, laptopu inapiga kelele, lakini njia zinakuwa za kweli.

Mchezaji anachagua msimu anapoanza. Kaskazi inavuma, unawapeleka watu kusini: Malindi, Mombasa. Kusi, unawapeleka juu, upande wa Kismayu na Barawa, isipokuwa kusi ikishapamba moto katikati ya mwaka bahari ya nje haina huruma na jahazi dogo. Tanga mbili, upepo unapobadilika, ni ngumu kuliko zote na nimeiandika hivyo kwenye menyu.

Moshi mweusi

Wells aliwapa Wamirihi silaha mbili, mwali wa joto na moshi mweusi. Mwali ni rahisi: mstari kutoka korongo hadi anachokiona, chochote kinachoungua kinaungua, na paa za makuti huko pembezoni mwa mji zinaondoka kwa pamoja. Moshi ndio wenye akili. Katika riwaya ni mzito kuliko hewa, unatiririka kama kitu cha majimaji, unajaa mabonde na mitaro, na waliopanda juu ya mapaa na kwenye minara walipona. Ukigusa maji unageuka utando wa vumbi na kuzama.

Kila kigae cha mji kina kimo chake na kiasi cha moshi. Kila zamu moshi unahamia kwa jirani aliye chini zaidi. Kigae cha bahari kinaumeza. Mistari haifiki hamsini.

Na hapo mji wa Lamu ukaanza kufanya kazi wenyewe. Mji umekaa kwenye mteremko, umepanda kutoka forodhani kwenda nyuma. Moshi ukitupwa upande wa bahari, unakufa majini bila kumdhuru mtu. Ukitupwa nyuma ya mji, unashuka kila kichochoro, unavuka Usita wa Mui, njia kuu ya mji, unafika forodhani mahali watu walipojipanga kungoja vyombo. Sikuandika popote kwamba korongo wazunguke nyuma. Nilichoandika ni kwamba wapende mahali moshi utakapogusa watu wengi, nao wakaiona njia hiyo wenyewe tangu mchezo wa kwanza. Nilipata hofu kidogo.

Kinga ni wikio. Vile vyumba vinavyovuka juu ya kichochoro kuunganisha nyumba mbili vilijengwa kwa sababu zao, sitara ya wanawake na uhaba wa nafasi, lakini kwa mtu anayekimbia kitu kinachotambaa chini ni daraja. Nimechora mtaa wa Mkomani nyumba kwa nyumba, na mchezaji anaweza kuwahamisha watu kutoka dari hadi dari, kupitia wikio, bila mguu kugusa njia. Wells anasema usalama ulianzia kama futi 50 juu. Nyumba za ghorofa mbili tatu za Lamu hazifiki hapo. Nimeushusha moshi kidogo kwa makusudi, maana bila hivyo ningekosa wikio, na wikio ni bora kuliko futi.

Gugu jekundu

Kwa ufupi tu. Ni mmea wa Mirihi ulioletwa na Wamirihi katika riwaya. Linamea kwenye maji matamu na kuziba kila kitu. Maji matamu ya mji yanatoka visima vya Shela, kwenye machungu ya mchanga, kwa hiyo Shela ndipo mahali pa kulindwa hata kama hakuna mtu wa kuokoa huko. Punda wanabeba maji. Punda wanakataa kusogelea gugu. Kitu hiki kimekamilika na kinafanya kazi.

Akili ya korongo

Wells anaandika kwamba Wamirihi hawakukusudia kumaliza watu kwanza, bali kuwavunja: walilipua ghala za baruti, wakakata simu za waya, wakaharibu reli. Sisi reli hatuna. Walichonacho cha kukivunja ni vyombo. Kwa hiyo korongo wanatafuta milingoti. Chombo kilichotia nanga forodhani kinaonekana kutoka mbali, kilichoingizwa kwenye mikoko hakionekani mpaka wafike karibu, na Matondoni, kwenye waundaji wa majahazi, ni shabaha yao ya pili daima. Mchezaji makini anaipoteza Matondoni mapema lakini mafundi ameshawaondoa.

Manowari ya Waingereza inapita mara moja katika mchezo mzima, kwa siku usiyoijua. Itakupa muda mfupi, itaangusha korongo mmoja au wawili, itazama. Ukiwa hujapakia watu, imezama bure.

Kuhusu mwendo wao: Wells mwenyewe, ndani ya riwaya, anamlaumu mchoraji fulani aliyezionyesha mashine kama vigoda vikavu visivyokunjika. Miguu ya korongo wangu ina viungo vitano na inakokotolewa kutoka wayoni kwenda juu, ili unyayo ukae pale ulipokanyaga. Jina lenyewe si langu. Watoto wa jirani walipoona namna kinavyonyanyua mguu kwenye maji ya kina kifupi walikiita korongo, na ndivyo lilivyobaki.

Wachezaji wa majaribio

Vijana wa Langoni wamelicheza, na walimu wawili, na ami ambaye hapendi gemu ila anapenda kukosoa.

Lalamiko la kwanza: "Sasa kaka, mie n'meshinda au n'meshindwa?" Skrini ya mwisho ilikuwa na namba peke yake. Nimeongeza majina: kila familia uliyoipakia ina jina, na mwishoni unaona ziko wapi, Malindi, Faza, baharini, au hazipo. Sijaongeza neno la ushindi na sitaongeza.

La pili ni la wajumbe. Riwayani, Ogilvy na wenzake wanauendea mtungi na bendera nyeupe, na mwali unawateketeza. Kwenye gemu, baada ya mtungi kuanguka unaanza kufunguka polepole kwa ndani, na unaweza kutuma wazee na kitambaa cheupe. Karibu kila mchezaji anawatuma. Mwalimu mmoja alinishauri niifute nafasi hiyo kwa kuwa ni mtego. Naiacha, mtu asiyejua kinachokuja angetuma wazee, na liwali wa Lamu angetuma wazee mbele ya yeyote. Ila muda ule wa kifuniko kufunguka ndio pia muda bora wa kupakia vyombo, na anayecheza mara ya pili analijua hilo.

La tatu lilikuwa zito. Mchezaji mmoja aliuliza: mwaka 1898, watumwa wako wapi? Swali la haki. Utumwa haukufutwa kisheria katika pwani yetu hadi 1907, na gemu linalotaja liwali, majahazi na nyumba za mawe halafu likawasahau ni gemu la uongo. Sasa wenye vyombo wana tabia: baadhi watakataa kupakia watu wa chini kabla ya mali zao. Mchezaji anaweza kuwalazimisha, na atapoteza utiifu wao, au anaweza kuwaacha wapakie pembe na vikapu. Hesabu ya mwisho haijui cheo. Mtu mmoja, roho moja. Sehemu hii bado naiandika upya maneno yake, kwa sababu ukiifanya nyepesi inachukiza na ukiihubiri inachosha.

Kijana mwingine anataka toleo la sasa, lenye roketi. Anasema pwani yetu imewahi kurusha: jukwaa la San Marco, nje ya Ngomeni karibu na Malindi, ndilo lililopeleka angani satelaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970. Ni kweli, na ni wazo zuri, na si la gemu hili.

Hali ilivyo sasa

Vinavyofanya kazi: maji, upepo, moshi, wikio, gugu, mitungi mitano badala ya kumi (visiwa vyetu havibebi kumi), na somo la kwanza. Sauti ipo ya bahari na ya adhana ya alfajiri tu, nayo adhana nimeifunga isisikike juu ya mlio wa mwali, baada ya mwalimu mmoja kusema haikumkaa vizuri. Lugha ni Kiswahili, na mazungumzo ya wazee yana Kiamu chake.

Kwenye simu bado ni zito. Moshi ukijaa Mkomani yote, simu ya bei nafuu inashuka hadi picha nane kwa sekunde. Nitajaribu kukokotoa vigae vilivyoguswa zamu iliyopita tu, vilivyobaki vilale.

Wanaotaka kujaribu toleo hili waanze na kaskazi, mwezi mpevu, ugumu wa kati. Naomba mniandikie mambo mawili: saa mliyofika Mkanda, na idadi ya vyombo mlivyoficha kwenye mikoko kabla ya mtungi wa pili. Nashuku korongo wanaona mbali mno wakati wa maji kupwa, lakini sitaki kugusa namba hiyo kabla sijapata michezo ya watu wengine kuliko ya ami, ambaye hapwelewi hata akitaka.